Fungate Katika Hema la Baba Mkwe

Jumapili, 28 Agosti

Fungate imeanza. Hali ya hewa nzuri. Mke wangu mzuri zaidi. Loretta amevaa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, lililochanika begani, na sijawahi kuona bibi harusi aliyependeza hivyo hata kwenye kalenda. Nilimwambia. Akaniambia nishike upande wa pili wa mtumbwi.

Gari tumeliacha barabara ya changarawe inapoishia. Tuko wanne: mimi, Loretta, kaka yake Vernon, na baba yao, Mzee Ambrose. Najua watu wengine huenda fungate wawili. Lakini mpunga wa ziwani hauangalii tarehe ya harusi, na Loretta hajakosa mavuno tangu azaliwe. Alinipa nafasi ya kuchagua: fungate kwenye ziwa la mpunga pamoja na familia, au hoteli mjini peke yangu. Nikachagua ziwa. Ndoa ni kuelewana.

Mitumbwi miwili. Nilishapanga. Mimi na Loretta katika ule wa turubai ya kijani, mimi nyuma nikiongoza, yeye mbele, jua likiwaka kwenye nywele zake. Picha hiyo ninayo kichwani tangu siku za uchumba, nikibadilisha matairi gereji. Mzee Ambrose akatazama mizigo, akatazama maji, akatazama viatu vyangu. Ni viatu vya harusi, vya kahawia, soli nyeupe. Akasema hivyo ni vya kusimamia mbele ya padri. Kisha akasema, "Loretta na Vernon. Wewe kijana utapanda na mimi."

Nikadhani amesahau kwamba tumeoana. Nikamkumbusha kwa heshima. Akasema hajasahau, alikuwepo, alikula.

Vernon ndiye aliyenieleza, kwa furaha iliyopita kiasi. Huku kwetu maji hukatika kati ya ziwa na ziwa. Unautoa mtumbwi, unaupindua, unaubeba kupita msituni mpaka ziwa linalofuata. Njia hizo ni nyingi, nyingine fupi kama ua wa nyumba. Ndefu kuliko zote ni ya mwisho, inayoingia ziwa la mpunga. Familia hii huiita Njia ya Wakwe. Kila mwanamume aliyeoa katika ukoo huu amevuka hapo na mtumbwi mabegani, peke yake, kutoka maji hadi maji, bila kuuweka chini. Asiyevuka bado si mkwe.

Nikauliza, kama si mkwe ni nani? "Ni mzigo, shemeji," akasema Vernon. "Na mzigo hukaa pale ulipowekwa."

Kuna zaidi. Wanaopanda mtumbwi mmoja hulala hema moja, kwa sababu hema hufungwa ndani ya mtumbwi. Na wanaoingia ziwa la mpunga pamoja ndio huvuna pamoja hadi mwisho. Kwa hiyo nisipovuka, fungate yangu yote nitaila katika hema la baba mkwe. Nami nitavuna mpunga na baba mkwe, na kuamka uso kwa uso na baba mkwe.

Naandika haya humo humo. Yeye anavua soksi. Mimi natazama ukuta wa hema, kama mtu mwenye adabu.

Jumatatu, 29 Agosti

Sikulala vizuri. Mzee hakoromi. Angekoroma ningejua amelala.

Lakini nimeamka na akili. Kama siwezi kumwomba aniache, nitamfanya anichoke. Mpango: niwe mpiga kasia mbaya kuliko wote kaskazini hii. Nimrushie maji. Nigonge ubavu wa mtumbwi. Nikipiga kulia yeye akipiga kulia, tuzunguke. Kabla ya chakula cha mchana atakuwa ananisukumia kwa binti yake.

Kwanza niligundua kwamba sihitaji kujitahidi. Maji yalimfikia Mzee bila nia yoyote mbaya. Nilipoanza kukusudia, yakamfikia zaidi. Alivua kofia, akaikamua, akaivaa. Nikaongeza. Akaivua, akaikamua, akaivaa. Nikaona dalili njema. Mtu hawezi kukamua kofia siku nzima.

Katikati ya ziwa akaniambia niweke kasia ndani. Moyo ukaruka. Akaniambia nirudi nyuma kidogo, taratibu, nikae katikati juu ya mifuko ya unga. Nikakaa. Akaendelea kupiga kasia peke yake, mtumbwi ukaenda kama umekatwa kamba. Tukawapita akina Loretta. Mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu, kwamba siku nyingi hakuwa na mtumbwi uliosawazika vizuri namna hii.

Vernon akaniita kutoka kwao, "Hongera, shemeji. Umepanda cheo. Jana mzigo, leo gunia."

Loretta akacheka mpaka akashindwa kupiga kasia. Kicheko chake kinapita juu ya maji kama kengele ya kanisa la mbali. Nilikaa juu ya unga nikakisikiliza. Kama lazima nichekwe na mtu maisha yangu yote, basi awe yeye.

Jioni nilimsaidia kubeba sanduku la jikoni kutoka ukingoni. Yaani nilitaka kumsaidia. Nilipofika alikwisha kulibeba, mkanda kwenye paji la uso, mikono mfukoni. Nikambebea kijiko.

Jumanne, 30 Agosti

Leo nimefanya mazoezi, kwenye njia fupi ambayo hata jina haina. Mzee alikuwa mbele na Loretta. Nikamwambia Vernon aniwekee mtumbwi wa kijani mabegani. Kuna kipande cha mbao katikati, nira, kinachokaa juu ya mabega. Vernon akauinua, akaushusha, akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.

Sikuwa sawa. Mtumbwi ulipokuwa majini haukuwa na neno na mtu. Ukipinduliwa unakuwa na maoni. Pua inataka kwenda juu, mkia unataka kukaa. Mbu wote wa mwisho wa msimu wamehamia humo ndani kukwepa upepo, nami mikono yangu yote miwili ina kazi. Huoni mbele. Unaona vidole vya miguu yako na kipande cha dunia chenye ukubwa wa sinia. Nilifika kwenye kona ya kwanza. Hapo nikagonga msonobari, nikageuka kuuomba radhi, mkia ukagonga msonobari mwingine, nikaketi. Mtumbwi ukanifunika wote. Vernon alipita akabisha hodi.

Nikiwa pale chini, gizani, nikijihurumia, nikapata wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata, ukiacha lile la kumposa Loretta.

Anayebeba mtumbwi haoni mbele. Sawa. Lakini pia haonekani. Kichwa kimo ndani, mabega yamo ndani, mikono imo ndani. Anayetembea nyuma yake anaona mtumbwi wenye miguu. Anaona suruali. Basi kinachovuka Njia ya Wakwe, mbele ya macho ya Mzee, ni suruali. Na suruali yangu, yenye viraka vya njano magotini, inavalika na mtu yeyote.

Nikamwendea Vernon. Ana mabega kama mlango. Nikamweleza. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza maswali ya maana. Mwisho akakubali, kwa masharti. Nimpe shoka langu jipya, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba wangu. Nimpe mkate wangu wa kikaangoni wa leo na wa kesho. Na nimwite Kaka Mkubwa mbele za watu mpaka Krismasi.

Nilimpa shoka. Nilimpa mkate. Wakati wa chakula nikasema, Kaka Mkubwa, nisogezee chumvi. Loretta akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Mkono wake una harufu ya moshi na sabuni. Ningesema tena ili auweke tena.

Jumatano, 31 Agosti

Upepo. Mawimbi meupe ziwa zima. Hakuna aliyeondoka. Tumekaa kisiwani tukila samaki na beri za buluu, na Loretta ana buluu kwenye meno yote. Sijui malaika wana meno ya rangi gani, lakini nafikiri nimepata habari.

Asubuhi nilikuwa mtu mwenye amani. Nilikaa nikimtazama Kaka Mkubwa akinoa shoka langu. Nikamwuliza kesho tubadilishane suruali wapi. Akasema popote, ila kuna kitu kidogo. Nikauliza kitu gani. Akasema, "Shemeji, mitumbwi ni mingapi?"

Miwili.

"Na ule wa pili huwa anaubeba nani?"

Yeye. Kila njia, tangu Jumapili, wa pili anaubeba yeye, tena hutangulia nao. Nimemwona kwa macho yangu kila mara. Akasema angependa sana kunisaidia, lakini ana kichwa kimoja. Nikamwuliza kwa nini hakusema jana. Akasema jana alikuwa na njaa.

Shoka hakurudisha. Alisema mkataba wetu haukutaja mitumbwi.

Nikamwendea Loretta na kumweleza yote. Kati ya mume na mke hakufai kuwa na siri, hasa mipango ya mume ikiwa imekwisha. Alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Hakucheka. Akasema kila mwaka anavuna na Vernon. Vernon husukuma mtumbwi kwa mti mrefu kama anayefukuza mwizi, na yeye aliyekaa na vijiti vyake viwili kuupiga mpunga hupata nusu ndani ya mtumbwi na nusu machoni. Mwaka huu alitaka kuvuna na mtu mwingine. Akasema, "Nilitaka kuvuna na wewe, Clifford. Hilo tu. Hata ukiwa hujui."

Nikashika sufuria nyingine nikaisugua. Hunitokea mara chache.

Nikamwambia basi nitabeba. Nitabeba mpaka nife, mtanizika chini ya mtumbwi, ni kaburi zuri. Akaniuliza jana nilifika wapi. Nikasema kona. Akauliza kona ya ngapi. Akaendelea kusugua. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nipe suruali."

Loretta amebeba mtumbwi tangu ana miaka kumi na minne. Urefu wetu ni mmoja. Miguu yake mizuri zaidi, lakini ndani ya viraka vya njano hilo halitaonekana.

Mimi nitakuwa yeye. Nitavaa koti lake la mvua la zambarau na kofia yake yenye wavu wa mbu unaoshuka mpaka kifuani. Nitabeba anachobeba yeye, sanduku la jikoni, nitembee nyuma ya mtumbwi kwa aibu kidogo, kama mke anayejivunia mumewe. Njia ya Wakwe Mzee hutembea mwisho. Ataona suruali yangu imevuka na mtumbwi, na koti la binti yake limevuka na sanduku. Atoe baraka zake.

Nani mwingine ana mke kama huyu. Namwangalia akisinzia kando ya moto, mdomo wazi. Natamani nimfunge kwenye karatasi nijipe mwenyewe awe zawadi yangu.

Alhamisi, 1 Septemba

Njia ya Wakwe.

Tulifika mapema, maji yametulia. Mzee akaweka tumbaku kidogo ya sadaka chini ya mti wa gome jeupe, kama afanyavyo kila njia, akasimama kofia mkononi. Vernon akachukua mtumbwi wake akatokomea. Mimi na Loretta tukaenda vichakani, kuagana, tukasema. Mzee akatazama ziwa kwa adabu.

Loretta akatoka na viraka vya njano. Akauinua mtumbwi wa kijani kwa mwendo mmoja, goti, paja, bega, kama mtu anayevaa kofia. Akaondoka. Nilikuwa nyuma ya wavu, na machozi yakanitoka. Nikamwona mume wa mtu fulani akienda zake, hodari sana, nikakumbuka ni mimi.

Kisha nikalifuata sanduku.

Nataka niandike jambo hili kwa utulivu. Sanduku la jikoni ni la mbao. Ndani mna kikaango cha chuma, birika, sufuria tatu, unga, mafuta, maharage, na kitu kingine ambacho nadhani ni nanga. Mkanda wa ngozi unapita kwenye paji la uso na sanduku lote linaning'inia mgongoni. Ni zito kuliko mtumbwi. Si kwa kukisia. Nimekuwa chini ya vyote viwili. Mke wangu amelibeba kila njia tangu Jumapili, mikono mfukoni, akipiga mluzi.

Nikatembea. Mzee akaja nyuma yangu na mfuko wake. Baada ya kitambo kidogo akasema, "Leo huimbi, binti yangu?"

Nikakohoa, kikohozi chembamba cha kike.

"Koo?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa, jambo ambalo usilifanye ukiwa na mkanda wa paji. Sanduku likaitikia pia. Nusura tuanguke wote.

Akasema leo natembea kama bata. Akasema labda ni mawazo ya ndoa. Kisha akasema bega linamsumbua, naomba unishikie birika hili la pili, mama. Akalifunga juu ya sanduku. Baadaye akafunga na shoka lake. Baadaye na mfuko wa viazi. Sikuweza kukataa. Loretta hamkatalii baba yake kitu.

Na njia nzima alikuwa akizungumza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo, katika hema hasemi kitu. Alisema juu ya mumewe Loretta. Alisema kijana hajui kupiga kasia, hajui kuwasha moto, na viatu vyake ni vya kuchezea dansi. Alisema babu yake yule kijana alikuwa mwongozaji hodari wa wageni katika maziwa haya haya, na haijulikani vitu hivyo vilipotelea wapi njiani. "Labda kwenye gereji," akasema. Alisema kwamba juu ya unga anakaa vizuri, hilo hatamnyima.

Nikapanda. Ile njia ina kilima katikati. Hakuna aliyeniambia. Juu ya kilima kuna jiwe bapa, pana kama kitanda, lililowekwa na Mungu mahsusi kwa ajili ya sanduku la jikoni. Nililiona kupitia wavu. Nikalipenda. Nikaanza kupinda magoti.

Mzee akasema, "Mama yako hakuwahi kuliweka hapo. Hata mwaka ule ana mimba yako. Nilikuwa namwambia, Josephine, pumzika. Ananiambia, ukiliweka ndio unajua lina uzito gani."

Magoti yakanyooka yenyewe. Sijui yalimsikia nani.

Akaendelea, polepole, nyuma yangu. Alisema ni ajabu. Njia inaitwa ya wakwe, na kila mkwe aliyevuka na mtumbwi jina lake lipo katika hadithi, na sehemu aliyojikwaa, na tusi alilotoa. Sanduku limepita hapa kila mwaka mgongoni mwa mwanamke wa nyumba hii, bibi yako, mama yako, na sasa magoti yamemchosha mama yako, ni wewe, na hakuna aliyelitolea hadithi. Wala hajawahi kuona mwanamume wa ukoo huu akilivusha. Vernon alijaribu mara moja. Alifika kwenye jiwe. Hajalisogelea tena.

Nilikohoa kwa kuunga mkono. Ilikuwa hotuba nzuri, lakini haikunihusu. Mimi nilikuwa nawaza mtumbwi.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Kulikuwa na tope. Kulikuwa na sehemu ambapo njia mbili zinaachana, nami nikashika ile pana, nzuri, iliyokanyagwa vizuri. Mzee akasema kwa upole kwamba hiyo ni ya musi dume, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, labda bwana musi angependa kutayarishiwa chai, lakini sisi ni huku kushoto. Nikageuka kushoto. Sikuwa na hisia tena kwenye shingo. Nilikuwa nasema jina la mke wangu kila hatua. Lo-ret-ta. Ni jina la hatua tatu. Zuri hata kwa kutembelea.

Kisha miti ikafunguka. Ziwa. Mpunga umesimama majini mpaka ng'ambo, wa njano na kijani, upepo ukiulaza na kuuinua. Mtumbwi wa kijani ulikuwa tayari ukielea, na mume hodari amesimama kando yake, viraka vya njano vikichuruzika maji. Vernon amekaa juu ya gogo, anakula mkate wangu.

Nikasimama pale ukingoni, bado nimelibeba. Sikujua namna ya kuliweka.

"Liweke sasa, Clifford," akasema Mzee. "Umefika."

Nilikuwa bado sijainua wavu. Mpaka sasa sielewi amejuaje.

Akanisaidia kulishusha. Akatoa birika lake, akatoa shoka lake, akatoa viazi vyake. Akanitazama paji la uso, pale mkanda ulipoacha alama nyekundu. Kisha akamgeukia Loretta. Akasema desturi ni desturi. Aliyevusha mtumbwi bila kuuweka chini hukaa nyuma, huongoza, na huchagua wa kukaa naye. "Uliuweka?"

Loretta akasema hakuuweka.

"Basi chagua."

Loretta akaingia nyuma ya mtumbwi wa kijani, kwenye kile kiti nilichokiota tangu uchumba. Akamtazama Vernon, akanitazama mimi, katika koti la zambarau, wavu umekunjwa, tope mpaka kiunoni. Akafikiri. Alifikiri kwa muda ambao mume asiyemwamini mkewe angekosa raha. Vernon akamwambia asikurupuke, ndoa hazidumu ila mavuno huja kila mwaka.

"Njoo, mzigo wangu," akasema Loretta.

Nikaja. Nimekaa mbele. Sikuona jua kwenye nywele zake, kwa kuwa alikuwa nyuma yangu, lakini alisema linawaka kwangu. Hema limefungwa katika mtumbwi wetu. Mzee amehamia kwa Vernon. Alimwambia kwamba mimi hulala kwa adabu sana, kama maiti, na anatumaini Vernon atajifunza.

Ijumaa, 2 Septemba

Hakuna la kuandika. Furaha.

Jumamosi, 3 Septemba

Tumevuna siku ya kwanza. Loretta anasimama nyuma, anasukuma kwa ule mti mrefu, taratibu, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Mimi nakaa na vijiti viwili, kimoja kinainamisha mabua juu ya mtumbwi, kimoja kinagusa, mpunga unadondoka. Kugusa, si kupiga. Mwanzoni nilipiga. Loretta akauliza huo mpunga umenikosea nini. Nina makapi machoni, kwenye shati, na mahali pengine ambapo mtu aliyesoma hapataji. Kuna viwavi, wanauma. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Jioni Mzee alikuja kwenye moto wetu. Alikaa. Akasema ameliangalia sanduku la jikoni, mkanda wake sasa umeshika umbo la paji langu. Kwa hiyo ni langu. Safari ya kurudi nitalibeba mimi, nalo litakuwa limejazwa mpunga. Na mwaka ujao. Alisema na hadithi yake ameshaanza kuitunga, ina bata ndani yake. Kisha akanishika bega na kuniita mkwe. Si kijana. Mkwe. Loretta alisikia. Baadaye nilimwona akipangusa macho, akasema ni makapi.

Ningefurahi zaidi kama si hilo la sanduku. Nikamwuliza Loretta kama Mzee amekasirika kwa mpango wetu. Akanitazama kwa namna fulani, akasema hapana, mume wangu, amefurahi sana. Akanibusu kwenye ile alama nyekundu. Inaonekana basi kwamba mpango ulikwenda vizuri isipokuwa mwisho, na mwisho uliharibiwa na kitu kimoja. Nimekaa nikifikiri ni kipi. Nimekipata. Mzee alikuwa nyuma yangu njia nzima na hakushuku lolote. Aliniita binti, aliniita mama, alinieleza mambo ya nyumbani. Ni mzee rahisi sana kudanganywa, Mungu amlinde. Bila shaka pale ukingoni, kwenye mwanga, aliona soli nyeupe.

Nimezungumza na Vernon kuhusu safari ya kurudi. Kofia ya wavu inamtosha. Koti linabana, lakini akipumua kidogo kidogo linafungika. Atakuwa mimi, nikiwa nimevaa kama Loretta. Amekubali kulivusha sanduku kutoka maji hadi maji, na kwa malipo nimempa saa yangu ya harusi.

Viatu vyangu safari hii atavaa yeye, ili Mzee akiona soli nyeupe ajue ni mimi.